Kituo cha umbali sawa si lazima kiwe ndani ya pembetatu

Mkuu, hapo kwenye swali lako la ghala la korosho liwe umbali sawa toka Mtwara, Lindi na Masasi, usiunganishe kila mji na katikati ya upande unaoutazama, hiyo inakupa sentroidi, yaani sehemu ya uzito kulingana, ipo theluthi mbili ya mstari huo kutoka kwenye kipeo na daima iko ndani. Wewe unataka kitovu cha duara linalopita miji yote mitatu, kwa hiyo kata kila upande katikati kwa mstari wa pembe mraba, mistari miwili tu inatosha, inapokutana ndo penyewe. Sasa chora kwenye ramani uone, pembe ya Lindi ni butu, inazidi digrii 90, kwa hiyo kitovu kinatoka nje kabisa kinaangukia kusini pande za Tandahimba, na hujakosea kuchora!! Ile ya vimo, yaani inapokutana mistari toka kila mji inayoangukia upande unaoutazama kwa pembe mraba, nayo inatoka nje ila upande wa Lindi. Ile ya kitovu cha duara la ndani linalogusa pande zote tatu, unayoipata pembe zikigawanywa nusu nusu, haitoki kamwe. Na mwanahisabati Euler alishaonesha sentroidi, kitovu cha duara la miji mitatu na ile ya vimo zinakaa mstari mmoja, pima uhakikishe.