Disleksia ofisini: hesabu zikikataa kubalansi, gawa kwa 9

Msomaji mmoja, msaidizi wa hesabu, ameniandikia kwamba Kiswahili anakisoma vizuri ila polepole, barua za Kiingereza zinamtoa jasho, na kila mwisho wa mwezi hesabu zake hazibalansi. Bosi wake amekwisha mpa jina: mzembe.

Jina hilo liacheni. Huenda ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, nayo si ugonjwa wa macho wala upungufu wa akili. Ubongo unapata tabu kuunganisha herufi na sauti. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, ndiyo maana wengi hufika mbali kabla Kiingereza hakijawaumbua.

Tuanze na tarakimu, maana hizo ndizo zinazomgharimu mtu kazi. Ukipishanisha tarakimu mbili jirani, pengo hugawanyika kwa 9 daima. Risiti ya 54,300 ukiiingiza 45,300, pengo ni 9,000. Gawa kwa 9 upate 1,000: zilizopishana ziko kwenye maelfu na makumi elfu, na zinatofautiana kwa 1. Huna haja ya kujumlisha daftari zima upya. Sifuri ikizidi pia pengo hugawanyika kwa 9 (500 ikawa 5,000, pengo 4,500), kwa hiyo kagua yote mawili.

Kumbukumbu namba (control number) ya malipo ya Serikali Tanzania ina tarakimu 12. Kama huwezi kuinakili na kuibandika, ikate vipande vya tarakimu 4, itamke unapoandika, kisha hakiki ukianzia kipande cha mwisho. Ukihakiki toka mwanzo unasoma unachokitarajia, si kilichoandikwa.

Barua zisikilize. Fungua PDF ndani ya kivinjari cha Microsoft Edge, bonyeza Ctrl+Shift+U, halafu chagua sauti ya Rehema au Daudi, za Kiswahili cha Tanzania. Sauti ya Kiingereza ikisoma waraka wa Kiswahili hutaelewa kitu. Ikikaa kimya, hati hiyo ni picha iliyoskaniwa: ipakie Google Drive na uifungue kwa Google Docs ili itoe maandishi. Palipopigwa muhuri juu ya mistari itakosea, hivyo namba zilinganishe na nakala halisi.

Na ulichoandika mwenyewe kisikilize kabla ya kutuma. Kompyuta haioni tatizo ukiandika "amelipa" badala ya "amelipwa", lakini sikio litashtuka.

Maandishi yawe Arial au Verdana, ukubwa 12 hadi 14, nafasi ya mistari 1.5, yapangwe kushoto tu. Fonti zinazouzwa kama dawa ya disleksia na plastiki za rangi za kuweka juu ya ukurasa zina ushahidi dhaifu. Pesa yako kaa nayo.

Kwa bosi usiende na neno disleksia tupu, nenda na maombi mawili: maelekezo yenye hatua nyingi yaje kwa maandishi mafupi au ujumbe wa sauti, na kila malipo yahakikiwe na mtu wa pili kabla hayajatoka. La pili hawezi kulikataa kirahisi, kwa sababu hata mkaguzi wa hesabu atalidai.