Usitaje tarehe kabla hujawauliza watakaofanya kazi

Mkuu, usiitume hiyo barua pepe. Unasema umekabidhiwa mradi wa kuhamishia rekodi za wateja kwenye mfumo mpya, na unataka kumwahidi bosi wiki 6 ili timu ikimbie. Mimi niliahidi wiki 8 kwa mradi wa aina hiyo hiyo, nimesimama mlangoni mwa chumba cha mikutano, sijamuuliza hata mtu mmoja.

Aliyeniponza ni meneja wangu wa wakati ule. Alinishikilia kwamba watu hawafanyi kazi mpaka waone moto, kwa hiyo bana muda. Nikiyakumbuka maneno yale damu inanichemka, maana siku ya lawama hakuonekana.

Wiki ya 5 tukagundua rekodi nyingine zimeandikwa siku kwanza, nyingine mwezi kwanza. 03/04 ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi? Kompyuta haiwezi kukwambia. Lazima mtu afungue faili moja moja. Dada aliyekuwa akizitunza alilijua hilo miaka yote. Ningemuuliza siku ya kwanza angenieleza.

Hapo ndipo nikafanya kosa lililonigharimu kuliko yote: nikaomba watu 4 wa ziada. Wakaja hawaujui mfumo. Yule dada akageuka mwalimu. Asubuhi anaelekeza, jioni anarekebisha walipokosea, na kazi yake mwenyewe imelala. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, programu kuu ya kuendeshea kompyuta za kampuni ya IBM, aliliandika hili tangu 1975: ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliokwisha chelewa, unauchelewesha zaidi. Nilikuja kumsoma maji yameshamwagika. Tulimaliza wiki ya 19. Mwezi uliofuata yule dada akaacha kazi.

Sipingi tarehe ya mwisho. Bila tarehe kazi huzubaa. Ila itoke kwa wanaozishika hizo rekodi. Kaa nao kesho, chukueni rekodi 100, zihamisheni mwanzo hadi mwisho, mpime zimekula saa ngapi. Bosi akikubana mlangoni mwambie, "Nipe siku 3 nitakuletea tarehe." Atanuna. Mwache anune, usitaje namba hata ya kukisia, maana ukishaitaja ndiyo atakayomwambia mteja.

Zikishahama hizo 100, rudi hapa utuambie zimechukua muda gani.