Maswali ya Wasomaji: Nani Mwenye Kauli Juu ya Mwalimu?

Ndugu Mhariri, mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule moja ya msingi ya serikali hapa Busia, upande wa Uganda. Muhula uliopita tuliamua kwamba kila mwalimu atie sahihi anapofika na anapoondoka, na kwamba asiyefika bila ruhusa akatwe mshahara wa siku hiyo. Daftari la awali lilikuwa mchezo mtupu: mwalimu mmoja alikuwa akitia sahihi za juma zima siku ya Ijumaa, kwa kalamu ileile na mwandiko uleule wa haraka. Tawi la chama cha walimu limetuandikia kwamba hatuna mamlaka hayo. Diwani wetu naye ametangaza mkutanoni kwamba chama hicho ndicho adui wa mageuzi ya shule zetu. Nani mkweli?
*Mzazi, Busia*

Ndugu Mzazi, tawi limesema kweli kuhusu mamlaka, nanyi mmesema kweli kuhusu daftari. Aliyekosea zaidi ni diwani.

Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaipa kamati ya shule kazi ya kuangalia mwenendo wa shule, mipango yake na matumizi ya fedha zake, lakini haikuifanya kuwa mwajiri. Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huajiriwa, huthibitishwa na huadhibiwa kupitia Tume ya Utumishi ya Wilaya, na mshahara wake hutoka serikali kuu na kuingia benki moja kwa moja, huku orodha ya malipo ikiwa mikononi mwa afisa mtawala mkuu wa wilaya, yule ambaye sote tumezoea kumwita CAO. Kamati ikithubutu kukata mshahara huo inajitafutia kesi, na katika kesi hiyo mwalimu mzembe kabisa ndiye atakayetoka mshindi.

Hilo halina maana kwamba mfumbe macho. Mnayo haki ya kudai daftari lililo sahihi, na mwalimu mkuu ana wajibu wa kulifunga kila asubuhi saa ya kuanza kazi inapopita. Wizara ya Elimu yenyewe imeleta mfumo wa TELA, ambao hurekodi mahudhurio ya walimu kwa simu inayokaa shuleni, kwa hiyo tawi haliwezi kudai kwamba kuhesabu waliofika ni uvumbuzi wa wazazi wa Busia. Toeni nakala za kurasa zile za Ijumaa, andikeni tarehe ambazo darasa lilikaa bila mwalimu, muulizeni mhusika sababu na sababu hiyo muiandike pia (maana yupo anayekosa kazi kwa uzembe, na yupo anayekaa mbali kwa kuwa shule haina hata nyumba moja ya mwalimu), kisha pelekeni barua kwa Afisa Elimu wa Wilaya, nakala kwa CAO, na mwombe mkaguzi wa shule aje. Barua yenye tarehe ni vigumu kuipuuza. Malalamiko ya mdomo huishia mlangoni.

Mkumbuke pia kwamba walimu wana mwakilishi wao ndani ya kamati, sawa na wazazi, baraza la mtaa na taasisi iliyoanzisha shule, iwe kanisa au msikiti. Azimio kama lenu lilipaswa kupita mbele yake kabla ya kubandikwa ukutani. Kama mlimweka pembeni, tawi lingefanya nini kama si kuandika barua?

Sasa nije kwa diwani. Tangu ugatuzi uliposimikwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, shule za msingi ziko chini ya wilaya, lakini tangu kodi ya kichwa ilipoondolewa mwaka 2005 wilaya nyingi hazina fedha za maana zilizo zake, na huishi kwa ruzuku kutoka Kampala ambayo huja ikiwa imeshapangiwa matumizi. Ndiyo sababu siasa za shule wilayani huwa hazihusu vitabu wala madarasa, ambavyo diwani hana fedha za kuvinunua. Huhusu watu: nani aajiriwe, nani ahamishwe, nani apewe ukuu wa shule. Kumtukana mwalimu jukwaani hakuhitaji bajeti. Mwulizeni diwani wenu ni mara ngapi amesimama barazani kuuliza kwa nini ruzuku ya wanafunzi imechelewa hadi katikati ya muhula, au kwa nini nafasi za walimu zilizo wazi hazijazwi. Chama cha walimu kina makosa yake, na mojawapo ni kuwatetea kwa sauti ileile aliyeonewa na asiyefundisha. Lakini si chama kilichoacha darasa moja liwe na watoto zaidi ya mia.

Bwana Mhariri, nafundisha Historia katika shule ya sekondari ya serikali mjini Arua. Niligoma mwaka 2022, nikarudi darasani mikono mitupu, na leo mwenzangu wa Fizikia anapokea karibu mara nne ya mshahara wangu. Nashawishiwa niondoke UNATU, chama cha taifa cha walimu wa Uganda, nijiunge na chama cha walimu wa masomo ya sanaa. Nifanyeje?
*Mwalimu wa Historia, Arua*

Mwalimu, hasira yako ina msingi. Mwaka 2018 serikali ilitia sahihi makubaliano na UNATU ya kupandisha mishahara ya walimu hatua kwa hatua kwa miaka kadhaa. Makubaliano hayo hayakutekelezwa kama yalivyoandikwa. Badala yake, bajeti ya mwaka wa fedha ulioanza Julai 2022 ilimpa mwalimu wa sayansi mwenye shahada shilingi milioni 4 kwa mwezi, ikamwacha wa sanaa mwenye shahada ileile na zaidi kidogo ya milioni 1, na mwalimu wa msingi wa daraja la tatu, yaani mwenye cheti tu, na kama shilingi 500,000. Ikatokea kwamba mkuu wa shule aliyesomea sanaa alipwe chini ya mwalimu wa Kemia anayemsimamia. UNATU iliitisha mgomo Juni mwaka huo. Serikali ikatishia kuwahesabu wasiorudi kazini kuwa wamejiuzulu. Rais Museveni akashikilia kwamba sayansi kwanza. Na mapema Julai mgomo ukasitishwa.

Angalia mwezi wenyewe. Bajeti husomwa Juni, nayo huwa imekwisha kupangwa zamani. Chama kinachogoma Juni kinagombea chakula kilichokwisha kupakuliwa. Walimu wa sanaa waligoma tena Juni 2025 chini ya chama chao kipya, wakasitisha baada ya wiki chache, bila mishahara kulingana. Kuhama kwako hakutabadilisha kalenda hiyo.

Ningekuwa wewe, ningebaki kwa sasa. Ibara ya 40 ya Katiba inakupa haki ya kuchagua chama, na sitakulaumu ukiitumia, lakini mbele ya serikali vyama vitatu vinavyodai vitu vitatu ni rahisi kuvituliza kimoja kimoja: walimu wa sayansi walikuwa na chama chao kabla ya nyongeza ile, na walipopata walichotaka hawakuwa na sababu ya kukaa nje ya darasa kwa ajili yako. Wengi katika UNATU ni walimu wa msingi, ambao wamedhulumiwa kuliko wewe. Baki, ila nenda kwenye mkutano wa tawi kabla ya Krismasi, bajeti ikiwa bado ni rasimu, ukadai viongozi waeleze wamewasilisha nini na kwa nani. Wakishindwa kujibu, utakuwa na sababu ya kuhama iliyo bora kuliko hasira.

Mhariri, salaam aleikum. Nina cheti cha daraja la tatu na nafundisha darasa la pili hapa Kasese. Nasikia sisi wa cheti tutaondolewa. Nikope nikasome?
*Mwalimu, Kasese*

Waaleikum salaam. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka mwalimu wa kila ngazi awe na shahada, kwa hiyo kusoma utasoma. Mikopo ya haraka ndiyo ya kuogopa. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha kwamba kozi imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, omba ruhusa ya masomo kwa maandishi, na uulize wilayani kama kuna nafasi ya ngazi unayoisomea, kwa sababu mshahara hufuata barua ya uteuzi. Wapo walimu wenye shahada wanaoendelea kulipwa kwa cheti chao cha zamani kwa kuwa hakuna aliyewateua upya, na hilo ni jambo ambalo tawi lako la chama linaweza kulifuatilia kwa CAO wiki hii hii, bila mgomo wowote.