Mawazo ya kubuni sweta mnayatoa wapi? Najibu kwa niliyopitia mwenyewe Njombe na Iringa

Habari zenu wana jukwaa.

Mdogo wetu wa Arusha ameeleza kwamba amemaliza chuo cha ushonaji, amenunua mashine ya kufumia iliyotumika, lakini kila anachochora kinafanana na picha alizoziona mtandaoni. Anauliza wenzake wanatoa wapi mawazo. Wengi wamemwambia atulize akili, aangalie mazingira, afuate kurasa za wabunifu wa Ulaya. Mimi nafuma sweta mwaka wa 14 huu, na miaka 7 ya mwanzo nilifuma sweta za shule tu. Swali lake lilinitesa sana, kwa hiyo naomba mnivumilie, jibu ni refu.

Mdogo wangu, acha kutafuta picha. Tafuta kitu cha kushika mkononi, ukae nacho, halafu kipeleke kwenye sindano kabla hujakipeleka kwenye karatasi. Hapo ndipo nilipokwama mimi kwa muda mrefu, na nitakueleza nilikwamaje.

Nilijifunzia kwa mama mdogo, Njombe. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya kule inaingia hadi kwenye mifupa, na sweta za shule hazipumziki: bluu nzito, damu ya mzee, kijani, shingo ya V yenye mistari miwili. Mashine yake ilikuwa ya mkono, ile ya sindano 200 unayosukuma kigari kwenda na kurudi, yenye kadi za matundu za kuchagulia sindano. Kadi zilikaa kwenye boksi bila kutumika, maana sweta ya shule haihitaji ua.

Nilipoanza kujitegemea nilitaka kutoa kitu cha kwetu. Nikachukua khanga ya mama yenye korosho, lile umbo la tone lililopinda ambalo kila mtu analijua. Nikaichora korosho kwenye karatasi ya miraba, miraba 24 kwa 24, nikatoboa kadi, nikafuma kifua kizima. Ilitoka kama embe lililokaliwa. Nikafumua, nikafuma tena, ikatoka vilevile. Hesabu yangu ya vitanzi, vile vipete vya uzi vinavyounda kitambaa, ilikuwa sawa. Nilichokosa ni kujua kwamba kitanzi hakina umbo la mraba, ni kipana kuliko urefu wake. Kwa uzi niliokuwa nautumia nilikuwa napata vitanzi 28 kwa upana na mistari 40, yaani safu 40 za vitanzi, kwa kimo katika sentimita 10. Kwa hiyo mchoro wa 24 kwa 24 ulinipa upana wa sentimita 8 na nusu hivi, na kimo cha sentimita 6 tu. Ili korosho isimame vizuri nilitakiwa niichore kwa mistari kama 34. Pima kwanza kipande chako cha majaribio, ndipo uchore miraba ya kipimo hicho. Miraba ya daftari la hesabu itakudanganya kila siku.

Lakini hata niliporekebisha kimo, sweta haikufaa. Mteja wangu wa kwanza aliivaa na kidole kikanasa kwa ndani. Ukifuma rangi mbili kwenye mstari mmoja, ile isiyofanya kazi inapita nyuma ikining'inia hadi zamu yake ifike. Korosho langu lilikuwa na tumbo pana la rangi moja, kwa hiyo nyuma uzi ulikuwa unaruka vitanzi 11, karibu sentimita 4. Pete, kucha, kifungo, vyote vinanasa hapo. Siku hizi nikizidi vitanzi 5 natafuta njia nyingine.

Ile khanga haikuwa na kosa. Korosho limezaliwa kwenye kitambaa cha kuchapwa, ambako mkono unapinda utakavyo. Nilikuwa nalilazimisha liishi kwenye nyumba ya vitanzi. Kumbe khanga hiyohiyo ina kitu kingine kinachokubali kufumwa kirahisi kabisa, nacho ni mpangilio wake: pindo linazunguka pande zote, mji uko katikati, jina liko chini yake. Baadaye nilitengeneza sweta isiyo na ua hata moja la khanga. Pindo zito likapita chini, kwenye mikono na shingoni, na mji nikauacha mtupu wa rangi moja. Akina mama wa mjini waliitambua wenyewe kabla sijafungua mdomo.

Sasa nije kwenye kikapu, maana hapo ndipo nilipofunguka.

Bibi yangu mzaa mama anasuka vikapu vya milulu, aina ya nyasi ndefu ngumu, kijijini huko Iringa. Mnavijua, vile vya rangi ya majani makavu vyenye mistari ya kahawia iliyokolea. Nilikwenda nikiwa na nia ya kupiga picha mistari ile niihamishie kwenye kadi. Bibi akanipa milulu akaniambia kaa chini usuke. Nilikaa siku tatu na sikumaliza hata kitako cha kikapu. Lakini vidole vyangu vilielewa mambo ambayo picha isingenieleza. Kikapu kinaanzia katikati ya kitako, na vijiti vichache tu. Kila duara likipanuka, nafasi kati ya vijiti inafunguka, na bibi anachomeka kijiti kipya pale palipolegea. Hahesabu, anabonyeza kwa kidole gumba, akisikia pamelegea anachomeka. Kikifika ukubwa anaoutaka anavipandisha vijiti juu, kuta zinaanza. Mistari ile niliyoifuata ni jambo la mwisho kabisa. Mifupa ya kikapu ni mahali vinapochomekwa vijiti vipya.

Nikarudi na swali jingine kabisa kichwani. Je, nikifuma sweta kama kikapu kilichopinduliwa? Shingo ndiyo iwe katikati ya kitako, mabega ndiyo kitako kinachopanuka, na pindo la chini ndilo mdomo wa kikapu. Vitanzi viongezeke kwa kuonekana, pale ambapo bibi angechomeka kijiti, wala visifichwe kwenye mshono wa bega kama tulivyozoea. Mashine yangu ya mkono haifumi duara, kwa hiyo sehemu ya juu niliifuma kwa kulala: shingo upande mmoja wa kitanda cha sindano, pale sindano zinapokaa kwa safu, bega upande wa pili. Ukizisimamisha sindano za upande wa shingo kwa mistari michache huku zile za upande wa bega zinaendelea, bega linapata mistari mingi kuliko shingo, na kitambaa kinapinda chenyewe kama kipande cha chungwa. Vipande 12 vikiungana unapata duara la shingo na mabega. Ilinichukua miezi miwili na nilifumua mara nyingi mno. Sweta ile haina mchoro wowote wa kikapu. Ina rangi moja, milulu mikavu. Lakini ukiivaa mbele ya mtu wa Iringa anakuuliza umeitoa wapi.

Hilo ndilo ninalolitafuta kwenye kila kitu ninachokishika: kimejengwaje? Mkeka wa ukindu umeshonwa kwa ukili mrefu, kwa hiyo mchoro wake unakwenda mshazari, na mkanda mmoja unakutana na mwingine kwenye mshono. Hapo una somo la kufuma mikanda myembamba na kuiunga. Wavu wa mvuvi ni somo la matundu, na huo ukufae kama unataka kuuza Dar au Tanga ambako hakuna anayetaka sweta nzito. Fuma kwa uzi wa pamba, ruka sindano, upate kitambaa kinachopitisha upepo. Watu wanadhani kufuma ni baridi tu. Hata vile vitambaa vya makochi ambavyo mama zetu walivifuma kwa sindano ya kroshia vina elimu kubwa ya matundu, na inaniuma vinavyotupwa.

Wapo waliolifanya hili kwa kiwango kikubwa. Laduma Ngxokolo wa Afrika Kusini, mwenye jina la biashara Maxhosa, alianza mwaka 2010 akiwa mwanafunzi Port Elizabeth. Swali lake lilikuwa la nyumbani kabisa. Vijana wa Kixhosa wakitoka jandoni wanaacha nguo zao za zamani na kuvaa mpya za heshima, zikiwemo sweta, na sweta walizokuwa wananunuliwa zilikuwa na michoro ya kigeni. Akajiuliza kwa nini kijana atoke kwenye mila yake akavae mchoro wa watu wengine. Akaenda kwenye shanga za Kixhosa. Angalia alivyochagua vizuri: shanga hupangwa moja moja, mstari kwa mstari, kama vitanzi vinavyopangwa, kwa hiyo pembe na almasi za shanga zinaingia kwenye sweta bila kuumizwa. Na uzi akautafuta kwao, manyoya ya kondoo wa merino, na moheya, manyoya ya mbuzi ambayo Afrika Kusini inaongoza duniani kwa kuyazalisha.

Na kama unaona mashine yako duni, wasome Missoni wa Italia. Ottavio na Rosita walianzisha karakana yao mwaka 1953, na mashine za mwanzo ziliwapa uwezo wa kufuma mistari tu. Wakafuma mistari. Wakaichezea rangi hadi mistari ikawa sura yao, na ile mistari ya kupinda-pinda wanayojulikana nayo dunia nzima ilikuja baadaye kwa mashine za aina nyingine. Kama mashine yako ni ya kadi za matundu 24 kwa mstari, ua lako litajirudia kila vitanzi 24, au 12, au 8, au 6, au 4, au 3, au 2. Kaa ndani ya namba hizo mwezi mzima. Mimi namba hizo zimenipa mawazo kuliko safari yoyote.

Kuhusu rangi nitasema jambo moja nililolijaribu mwenyewe. Nilikwenda Kitulo, ile nyanda ya juu kule Makete wanayoiita Bustani ya Mungu, msimu wa mvua maua yakiwa yamefunguka. Badala ya kupiga picha nilibeba kipande cha kadibodi na vibonge vidogo vya nyuzi za kila rangi niliyokuwa nayo dukani. Nikakaa palepale nikazungushia uzi kwenye kadibodi, kila rangi kwa wingi ninaouona. Nilitegemea kadi iliyojaa chungwa, zambarau na njano. Nilipomaliza, karibu yote ilikuwa rangi ya nyasi, kijani kilichopauka na kahawia, na chungwa ilikuwa mizunguko miwili tu. Lakini mizunguko ile miwili ilikuwa inawaka! Nisingeijua siri hiyo kwa picha, kwa sababu kwenye picha ningesogelea ua hadi lijaze kioo. Sweta zangu nyingi sasa ni za rangi tulivu na mstari mmoja mwembamba unaowaka, na kadibodi ile bado imening'inia juu ya mashine.

Halafu nenda mitumbani, ila usiende kama mteja. Sweta ya shilingi 3,000 ni mwalimu. Igeuze ndani. Ukiona kwenye kwapa vitanzi viwili vimelaliana kwa mpangilio, ujue kipande kilifumwa kwa umbo lake tangu mwanzo, na ukipata ncha sahihi kitafumuka chote na utapata uzi mzuri, mara nyingine sufu halisi ambayo madukani kwetu haipatikani kirahisi kwa sababu tumejaa akriliki, uzi wa kutengenezwa kiwandani. Ukiona kingo zimekatwa na kufungwa kwa overloki, ukifumua utapata vipande vifupi vifupi, iache. Mimi nimefumua mamia. Kila nikifumua naona fundi wa mbali alivyofikiri shingo, na shingo ndiyo inayouza sweta.

Jambo la mwisho linanigusa sana. Ukichukua kitu cha mtu, mwambie. Shanga za Kimasai hapo Arusha zina maana kwa rangi na kwa umri wa mvaaji, si pambo la kuokota. Kaa na akina mama wanaozitunga, uliza, lipa muda wao, na wakikuambia mchoro huu usiuweke kwenye sweta ya kuuza, usiuweke. Bibi nilimlipa siku zake tatu kwa bei ya vikapu ambavyo angesuka, na kila sweta ya umbo lile ikiuzwa ana fungu lake.

Kwa hiyo mdogo wangu, wiki hii usichore. Chagua kitu kimoja ndani ya nyumba unayoishi, kilichotengenezwa kwa mkono, na kama kuna anayeweza kukufundisha kukitengeneza, kaa naye hata nusu siku. Kisha fuma vipande 10 vya sentimita 15 kwa 15, rangi moja tu, ukijaribu jinsi kilivyojengwa. Sema pia mashine yako ni ya unene gani wa uzi na kama kadi zake zipo, ili tujue ina uwezo gani. Ukimaliza weka picha hapa, kila kipande mbele na nyuma. Nitaanza kutazama nyuma.