Ukitaka habari za bibi, kawaulize dada zake

Nimeolewa Bretagne, kwenye mji wa wavuvi unaitwa Douarnenez, huko magharibi kabisa mwa Ufaransa, na wajukuu wa ile familia huwa wanashangaa mimi niliyetoka Tanga nilijuaje habari za wazee wao kuliko wao wenyewe. Ni kwamba niliwauliza dada zake bibi. Bibi mwenyewe, Mémé kama walivyomuita wote pale nyumbani, alikuwa na upendo wa ajabu, ila ukimuuliza zamani ilikuwaje anakwambia "tulifanya kazi tu mwanangu" halafu anakuongezea chakula kwenye sahani, mazungumzo yameisha. Dada zake ndo walikuwa na maneno.

Kwahiyo kama bado una bibi na mabibi wadogo walio hai, nakuomba sana, usimkalishe mmoja peke yake ukaanza kumhoji kama karani wa sensa. Wakusanye. Hawa wetu walikuwa wanakutana Jumapili mchana, Mémé, Tata mkubwa (Tata kwao ni shangazi au mama mdogo), na yule tuliyemuita Tata wa Paris kwa sababu alienda huko akiwa binti kufanya kazi za ndani, wasichana wengi wa Bretagne enzi hizo walipanda treni wakashukia stesheni ya Montparnasse kutafuta maisha. Sasa mmoja akisema baba alikuwa mpole, mwingine anadakia mpole wapi, we ulikuwa mdogo hukumuona akirudi baharini bila samaki, wa tatu anasema nyie wote mmesahau, na hapo ndo mambo yanaanza kutoka, we kazi yako ni kukaa kimya na kumimina kahawa.

La pili, uliza kitu chenye jibu. "Maisha yalikuwaje" halina jibu, hata mimi ukiniuliza sijui ntaanzia wapi. Uliza mshahara ulikuwa shilingi ngapi, au faranga ngapi kwa upande wao. Mimi niliuliza mama yenu alilipwaje pale kiwandani, basi, mchana mzima ukaisha hapo hapo. Mama yao alikuwa kwenye viwanda vya sardini, hawa samaki wa kopo, na wanawake wa Douarnenez walikuwa wanalipwa sentimu 80 kwa saa, faranga moja haifiki, na boti zikiingia usiku wanaitwa usiku huo huo kwa sababu samaki hasubiri. Mwezi Novemba 1924 wakagoma. Waligoma wiki sita na zaidi, kwenye baridi, na viatu vyao vya mbao, wakiimba barabarani, hadi meya aliyekuwa upande wao akapigwa risasi siku ya mwaka mpya akajeruhiwa, na tarehe 6 Januari 1925 wenye viwanda wakakubali faranga moja kwa saa. Miezi michache mbele mfanyakazi mmoja wa viwandani, Joséphine Pencalet, akachaguliwa diwani wakati wanawake wa Ufaransa hata kura walikuwa hawana, uchaguzi wake ukafutwa. Kura yenyewe wakaja kupiga mara ya kwanza Aprili 1945. Haya yapo kwenye vitabu vya historia, lakini kwamba mama yao alirudi nyumbani siku ile sauti imekauka kwa kuimba na akalala na viatu, hilo alilisema Tata mkubwa, na Mémé akasema hakuwahi kulisikia maishani mwake. Dada yake!

Kuna wazee wengine mdomo haufunguki mpaka mikono iwe na kazi, na Mémé ndo alikuwa wa aina hiyo. Siku nilipoleta sardini wabichi kutoka bandarini nikamwambia nisaidie, akamshika samaki, kidole gumba chini ya kichwa, akavunja na kuvuta mara moja, kichwa kikatoka na utumbo wake wote, hata haangalii, anaangalia dirishani. Halafu akawapanga kwenye sinia, huyu kichwa huku yule mkia huku, wamebanana kama wanaingia kwenye kopo, na ilikuwa tu chakula cha jioni cha watu watano. Hapo ndo akaniambia alianza kiwanda na miaka 14, na kwamba harufu ya mafuta ya kukaangia ilikuwa haitoki kwenye nywele hata siku ya kwenda kanisani. Mpe bibi yako mchele achague, au ufuta, au nguo ya kushona, utaona.

Yapo pia yanayouma. Tata wa Paris alinihadithia shuleni mtoto akisikika anaongea Kibretoni, lugha ya nyumbani kwao Bretagne, anavishwa kiatu cha mbao shingoni, anakaa nacho mpaka amsikie mwenzake naye akiteleza amkabidhi. Wenzetu wa Kenya waliovishwa disk kwa kuongea lugha ya nyumbani watanielewa vizuri sana. Aliposema hayo alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 80 na mikono ilikuwa inatetemeka kwa hasira, na mimi nilimpenda zaidi kuanzia siku ile.

Na siri je? Ufaransa watu wakioana manispaa inawapa kijitabu cha familia, humo wanaandikwa watoto wote, waliozaliwa na waliokufa. Ndani ya kijitabu cha Mémé kulikuwa na mtoto wa kike aliyeishi wiki chache tu na hakuna aliyewahi kumtaja. Nilimuuliza Tata mkubwa pembeni, tena makaburini siku ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, wakati tunasugua jiwe la kaburi kwa brashi kabla ya kuweka maua, akanionesha mahali alipolazwa. Ushauri wangu hapa ni mmoja, ulichoambiwa na dada usikipeleke kwa bibi. Kama anataka kusema atasema. Mémé hakusema, na mimi kila mwaka naweka chungu kimoja zaidi cha maua.

Kurekodi kwa simu ni vizuri, omba ruhusa kwanza, weka simu juu ya meza waione, baada ya dakika kumi wanaisahau. Na picha za zamani zitoe siku wote wapo, kila sura wakiitaja we andika jina nyuma hapo hapo, kwa penseli laini, usitumie kalamu ya wino maana baada ya miaka inatokea mbele.