Ukungu wa jakuzi unaorudi kila mara: angalia mabomba na filta

Maji ya jakuzi yakianza kuwa meupe meupe, watu wengi hukimbilia dukani kununua dawa ya kung'arisha. Yanatakata, wageni wanaingia, na baada ya siku mbili tatu ukungu ni uleule. Ninatunza jakuzi ya nyumba ya wageni huku Diani, na ushauri wangu ni huu: ukungu unaorudi hauishi kwa kuongeza dawa kwenye maji. Chanzo chake kimejificha ndani ya mabomba na filta.

Kwanza hakikisha si hewa tu. Zima pampu usubiri dakika chache. Maji yakitakata yenyewe, hayo yalikuwa mapovu.

Kama bado, fanya kipimo cha usiku. Jioni watu wakishatoka, pima klorini, funika, asiingie mtu, kisha pima tena alfajiri. Jakuzi safi hupoteza kiasi kidogo. Ukiacha klorini ya ppm 5 (yaani miligramu 5 kwa lita) jioni ukakuta ppm 1 asubuhi, kuna kitu kinaila usiku kucha.

Kitu chenyewe ni ute. Mafuta ya nazi, losheni na jasho hugandamana ndani ya mabomba, na bakteria hujificha chini yake mahali ambapo klorini haiwafikii vizuri. Joto la nyuzi 38 linawafaa sana. Wapo wanaoleta vipele vya ngozi, na wapo wa Legionella, ambao mtu huwavuta pamoja na mvuke wakamletea homa ya mapafu. Ndiyo maana silichukulii jambo hili kama suala la urembo wa maji.

Kwa hiyo kabla hujamwaga maji, toa filta, tia dawa ya kusafishia mabomba, halafu washa jeti zote (matundu yanayorusha maji), hata zile ambazo hazitumiki. Povu la kahawia lenye vipande kama ngozi ya maziwa litapanda juu. Lifute, mwaga maji yote, suuza, ndipo ujaze upya.

Filta nayo usiipige maji juu juu. Fungua kila mkunjo kwa vidole, elekeza mpira wa maji kutoka juu kwenda chini, kisha iloweke usiku mzima kwenye dawa ya kuondoa mafuta. Asidi ya kutoa chokaa ije mwisho. Ukiitanguliza, mafuta yanaganda kwenye kitambaa. Nunua filta mbili uwe unazibadilisha.

Sisi wa pwani tuna jambo la ziada. Maji ya visima vya kwenye mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi, na mapovu ya jeti hupandisha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Ikipita 7.8 klorini inapungua nguvu, na chokaa yenyewe hujitenga ikawa unga mweupe majini. Mimi huishikilia kati ya 7.2 na 7.6, na klorini isishuke chini ya ppm 3. Tafadhali usichanganye klorini za aina mbili kwenye ndoo moja, hata kijiko kilichotumika kwa nyingine usikitumie. Zinaweza kulipuka.

Maji nabadilisha kila baada ya miezi mitatu, mapema zaidi msimu wa wageni wengi. Na mgeni aliyetoka kukandwa kwa mafuta namwomba aoge kwanza kwa sabuni. Ukimweleza kwa upole, anaelewa.