Diddy alichomokaje?

SWALI: Anko, video ya rapa wa Marekani Diddy akimpiga Cassie, mwimbaji aliyekuwa mpenzi wake, hotelini dunia nzima tuliiona, sasa ilikuwaje akachomoka kwenye yale mashtaka ya kifungo cha maisha?

JIBU: Ujanja ni kwamba kwenye kesi mawakili wake hata hawakubisha kwamba alimpiga, waliliambia jopo la raia 12 wanaoamua kama mtu ana hatia kwamba ndiyo, jamaa mkorofi na alimpiga, ila hajashtakiwa kwa kupiga, kashtakiwa kwa genge la uhalifu na kulazimisha watu ngono, halafu wakamsomesha Cassie meseji zake mwenyewe ili ionekane aliridhia (hapo walinikera kwa kweli). Diddy mwenyewe hakutoa ushahidi, shahidi wa utetezi hakuitwa hata mmoja. Julai 2, 2025 jopo likamwona hana hatia kwenye makosa makubwa, yakabaki mawili ya kusafirisha watu kwa ukahaba, Oktoba akala miezi 50 jela.